Maji Niliyoyakataa Beni

Niliondoka Butembo kwa sababu moja: kujua nani alimlisha sumu kaka yangu Paluku. Jumatatu alikuwa mzima, Jumatano akazikwa. Mama alinituma nimfukuze mjane wake, Masika, katika nyumba ile na kumleta mjukuu kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, nami sikuuliza mara mbili.

Saa mbili asubuhi nilipanda lori la maharagwe. Wakati ule wa vita, barabara ilikuwa na vizuizi vingi kuliko kona. Kwenye kimoja askari alipekua mfuko wangu, akachomoa sabuni.

"Tika yango awa," akasema. Iache hapa. Niliiacha, nikimtukana moyoni.

Beni nilifika mchana. Wakimbizi wa Mangina walikuwa wamejaa bondeni nyuma ya nyumba ya marehemu, kibanda kimeegemea kibanda. Masika alinipokea kwa kikombe cha maji, akaonja kwanza, kama mwenyeji wa kwetu anavyopaswa ili mgeni asihofu sumu.

"Kunywa, shemeji. Niliitokotesha."

Hata baada ya kuonja, sikumwamini: kwa bei ile ya mkaa, nani huchemsha maji ya kunywa kama hana anachopika ndani yake? Nilikisukuma kikombe. Nikashuka kwenye kijito cha bondeni, nikanywa kwa viganja vyangu, nikijiona mjanja.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nilikuwa naharisha maji matupu na kutapika, miguu imekakamaa. Yule niliyekuja kumfukuza ndiye aliyenibeba hadi zahanati, akaniosha kama mtoto. Muuguzi alisema ni kipindupindu, na bonde zima linaugua.

"Na Paluku?" nilimuuliza Masika.

"Alikunywaka mule kijitoni, siku makala ya kutokotesha maji ilituishia. Bakimbizi banafulia mule, banajisaidia mule, banakunywa mule. Lakini batafanya nini? Hapana makala, hapana savon ya kunawa." Akanifunika shuka. "Hapana sumu, shemeji. Utaniachia mutoto?"

Niliona aibu mno. Nikamwahidi.

Siku ya sita nilirudi Butembo peke yangu. Nilimweleza mama yote: kijito, mkaa, sabuni, kwamba ufukara ndio uliomuua Paluku, na shuku zetu nusura ziniue mimi. Nilidhani kusema kungetosha. Alinisikiliza huku akiyatazama mashavu yangu yaliyobonyea. Nikachemsha chai, nikammiminia, nikampa kikombe kwa mikono miwili.

Hakukipokea.

"Onja kwanza, Kambale," akasema.