Imefungwa?

Ukimsikia Okwakol akiongea utadhani Kiswahili kilimpita kando. Muulize kama amefunga mashine, atakwambia imekaa. Mlango kwake haufungwi, unarudishwa. Hata Kwaresima ikifika, Mkatoliki mzima yule, hasemi anafunga, anasema hali chakula. Vijana wa Malaba wanamcheka, wamembandika jina la Fundi Hali. Wacheke tu. Hawajui neno moja linavyoweza kumkaba mtu koo.

Kazi yake ni dampa. Zamani alikuwa akikunja bati pale Amagoro, makarai na matangi ya maji, yeye na Ochom, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Halafu majengo ya ghorofa yakaanza kuota Busia, yale yenye mabomba mapana ya bati ya kupitishia hewa juu ya dari, na wawili hao wakahamia humo. Dampa ni kilango cha bati ndani ya bomba hilo. Siku zote kinakaa wazi, hewa ipite. Moto ukiwaka, kishikizo chake kinayeyuka, springi inakivuta, kinajibana paa, moshi usitoke chumba hiki kwenda kile. Mwenye jengo huisahau dampa siku ile ile inapowekwa.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Mafundi wa huku, ukiweka dampa na kuikaza bolti, wanasema umeifunga. Na kilango kikishuka kuziba njia, wanasema vile vile, imefungwa. Neno ni hilo hilo moja, na hakuna aliyewahi kuliona kuwa na kasoro.

Walikuwa wakifanya kazi kwenye lojing moja ya Malaba, jina tuliache. Wateja walikuwa wameshaanza kulala humo, maana mwenye nyumba hakuwa na subira. Ochom alikuwa juu, Okwakol chini, na wiki nzima walikuwa wakiitana kupitia bomba. "Ya stoo imefungwa?" Imefungwa. "Ya koridoo?" Hiyo bado. Wakaendelea hivyo hadi mchana ule mafuta yaliposhika moto jikoni.

Okwakol alikuwa nyuma ya jengo anakata bati kwa grainda, hakusikia wala hakunusa kitu. Alipoizima, sauti ya Ochom ikamfikia kupitia mdomo wa bomba uliotokea ukutani: "Okwakol, ya jiko imefungwa?"

"Imefungwa," akajibu.

"Imefungwa kabisa?"

"Imefungwa, boss. Tangu asubuhi."

Na kweli alikuwa ameiweka asubuhi, bolti zote. Lakini kishikizo kilikuwa hakijaletwa kutoka Nairobi, kwa hivyo kilango alikishikilia wazi kwa kipande cha mbao. Ochom, aliyekwisha kuuona moto, aliyaelewa majibu hayo kwa maana ile nyingine, kwamba kilango kimeshuka. Akaona moshi wa jikoni hauna njia ya kufika juu, akaingia koridoo kumwamsha dereva wa trela aliyekuwa amekesha kwenye foleni ya mpaka. Moshi ukatokea darini, juu ya vichwa vyao. Dereva aliruka dirishani akavunjika mguu, akapona. Ochom alitolewa amebebwa, na hakuamka tena.

Watu walisema ni moto. Mjane wake, Aguti, aliambiwa ni moto. Okwakol hakutia neno.

Aliacha kazi, kisha akairudia. Alisema moyoni ni afadhali aulizwe yeye kuliko mwingine aje apite tu bila kukagua. Maana anaulizwa, na hilo ndilo linalomkondesha. Akipanda darini kukagua, hospitali au benki, akiingiza kichwa tu ndani ya bomba, anaisikia ile sauti ikitokea upande wa giza, haina hasira, inataka tu kujua: imefungwa? Anashika kilango kwa mikono miwili mpaka vidole vinakufa ganzi. Wenzake hudhani anapima springi.

Halafu mkewe Amongin, baada ya binti yao Linet, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alizaliwa na afya nzuri, lakini akakataa ziwa. Daktari alimpima, hakuona shida. Siku zikapita, mashavu yakaanza kuingia ndani, na kilio chake kikawa chembamba. Mama yake Okwakol, Benedetta, akasema jambo liko wazi: mtoto hajapewa jina. Kwa Wateso jina halichaguliwi tu. Unachovya kidole kwenye ajon, pombe ya wimbi, unakitia mdomoni mwa mtoto ukitaja wa ukoo waliotangulia. Jina atakalolinyonya ndilo lake.

Wanawake wakaja, na Aguti akaja nao, maana alikuwa kama dada pale nyumbani. Benedetta akataja. Akataja wa kuumeni wote, akahamia wa kwa kina Amongin. Mtoto midomo kaibana.

"Amefunga mdomo," Benedetta akasema. "Kuna mtu mmemruka."

Okwakol alikuwa amesimama mlangoni. Lile neno lilimpiga kifuani. Alijua ni nani aliyerukwa, ingawa hakuwa wa ukoo, na alijua hawezi kuliita jina lile mbele ya Aguti bila kulitapika na lile alilolificha. Akamtazama mwanawe. Kile kifua kidogo kilikuwa kinahema kama cha kifaranga.

"Baba Linet," Amongin akamwambia, ameshachoka kulia, "kama unamjua, mtaje."

Akasogea, akachovya kidole chake mwenyewe. "Ochom," akaita.

Mtoto akageuza kichwa upande wa sauti. Hakunyonya.

Okwakol akapiga magoti. Akasema karibu na sikio lile, lakini kila mtu alisikia. "Ochom, haikuwa imefungwa. Nilikuwa nimeiweka tu. Ilikuwa wazi. Nilikujibu vibaya."

Mdomo ukafunguka. Mtoto akakishika kidole, akakinyonya kwa nguvu, na Amongin akampokea haraka akampa ziwa.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Macho yote yalikuwa kwa Aguti. Alikaa mikono mapajani, akimwangalia mtoto akinyonya.

"Alikuuliza mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

Aguti akainuka, akajifunga leso yake upya kiunoni, akaanza kukusanya vikombe. Alipofika pale Okwakol alipopiga magoti, akasimama.

"Basi huyu akikuuliza kitu," akasema, "umjibu vizuri."