Kinyozi Aliyemnyoa Bosi

Mume wangu ni kinyozi, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona nywele zimekaa ovyo akanyamaza. Kwenye harusi ya dada yangu alimvuta bwana harusi kando akamrekebisha kisogo. Ndivyo alivyo, na nilimpenda hivyohivyo.

Basi Bosi, mbwa wetu, alipoanza kunyonyoka manyoya sikioni na mgongoni, viraka vya mviringo, mume wangu aliona aibu.

"Mbwa wa kinyozi atembee hivi? Watu watasemaje?"

Akamketisha mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, akamsawazisha kwa mashine ileile ya wateja. Akaipangusa kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Haukupita muda, mwalimu wa shule ya jirani akaja amefunika kidevu kwa leso. Alipoiondoa tukaona duara jekundu, kingo zimevimba, ndevu zimekatikakatika.

"Fundi, umenipa nini hiki?"

Mume wangu akakitazama kile kidevu, akamtazama Bosi. Akafunga kibanda.

Tukampeleka Bosi kwa daktari wa mifugo, akachukua manyoya kidogo kupima. Majibu yakarudi: choa.

"Ni fangasi," akasema. "Hutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu, kwa kushikana au kwa kitu kama hiyo mashine yako. Mbwa anatibika. Ila mtengeni kwanza, fueni matandiko yake kwa maji ya moto, na aliyepata duara akaone daktari wa watu."

Majirani walitaka Bosi atupwe. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, naye akamvuta mdogo wake pembeni: "Wewe kaa kimya tu. Ukisema, wateja wote wamekwenda."

Mume wangu hana moyo wa kutupa mbwa wala ulimi wa kudanganya. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wote aliowanyoa tangu siku ile. "Nilimnyoa mbwa kwa mashine ya kazini. Nisameheni. Jikagueni." Wapo waliomfungia mlango usoni. Nilimfuata nyuma nimenuna, roho inaniuma kwa ajili yake.

Bosi alipopona, tukanunua mashine mpya, tukafungua. Asubuhi nzima kiti kilikaa kitupu, mume wangu anakifuta tu. Adhuhuri mwalimu akaingia, kidevu safi, akaketi bila salamu, akainua uso.

"Ninyoe," akasema. "Wewe angalau najua utaniambia ukweli."