Kamba Niliyoivuta Kabla ya Bunduki

Aliyevuta ni mimi. Nalisema mwanzo kabisa, mtu asije akanisoma mpaka chini akitafuta mwingine wa kumlaumu. Nimekosa, na niliyemkosea ni mtu mmoja tu. Wengine wanaongoja niwaangukie miguuni watangoja sana.

Kwetu ni Kishapu. Tunajua ng'ombe, pamba na vumbi, na maji mengi niliyopata kuyaona utotoni ni ya lambo. Nilikuwa Geita, shimoni kwenye mgodi wa dhahabu, nasukuma vigari vya mawe, siku injinia mmoja Mzungu alipokuja kambini kuuliza nani anajua mashua. Alikuwa na mashua yake ya tanga ya kushindana na Wazungu wenzake ziwani. Nikanyoosha mkono. Ningeunyoosha hata kama angeuliza nani anajua kuruka angani, maadamu kazi yenyewe iko juani.

Aliyenisitiri ni Mzinza mmoja tuliyemwita Baba Kulwa, mzaliwa wa ufukweni, baharia wa mbele katika mashua hiyo. Siku ya kwanza alinikuta nimeng'ang'ania ubavu wa mashua kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, maji umeyaona lini?"

"Leo, kaka."

Alicheka mpaka akakohoa, lakini hakunichongea. Alinifundisha kushika kamba ya tanga, kuinama tanga linapogeuka, hata kuogelea. Mkewe, Mama Kulwa, alinipikia kama shemeji wa damu.

Siku zisizo za mbio sote wawili tulirudi shimoni, na kifua cha Baba Kulwa kilikuwa kimeanza kuchoka na vumbi la mawe. Injinia akamwahidi: tukishinda mbio kubwa za mwaka, za kutoka Mwanza kuvuka hadi Ukerewe, atamweka ufukweni moja kwa moja atunze mashua. Asingeshuka shimoni tena. Hilo ndilo tulilolipandia mashua siku ile, na mimi nililijua vizuri.

Sasa mbio zenyewe huanza hivi. Mashua zote huzungukazunguka nyuma ya mstari, kati ya boya na boti ya waamuzi, matanga yamelegezwa yanapigapiga, watu wanangoja bunduki ilie. Ukivuka kabla yake, unarudishwa nyuma uanze upya, na wenzako wamekwenda. Injinia alikuwa nyuma kwenye usukani, macho kwenye saa. Baba Kulwa alikuwa mbele, mkono juu. Mkono ukishuka, mimi navuta kamba. Kazi yangu ilikuwa kuungoja mkono ule, basi.

Ikapita karibu yetu mashua ya bwana mwingine, na ndani yake shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ni Mgika, mimi Mgalu. Msukuma anayesoma hapa amekwisha kujua kitakachofuata. Vyama hivi viwili vya ngoma havijapata kukutana bila kuchambana kwa nyimbo, na Mgalu asiyejibu ameshindwa papo hapo, hata kama nyumba yake inaungua. Shemeji akaimba kwamba mchunga ng'ombe kapanda mashua, je, ndama atawafunga wapi? Wenzake wakaitikia huku wakigonga ubavu wa mashua.

Nikajibu kwa sauti yangu yote. Na sisi hatujui kuimba mikono ikiwa imelala. Kwetu wimbo ni wa jembe, kiitikio kikifika majembe yote yanashuka pamoja. Kiitikio kikafika, mikono yangu ikavuta. Tanga likajaa upepo, mashua ikaruka mstari, na bunduki ikalia tukiwa tumekwisha kuvuka.

Tulirudishwa nyuma. Ukerewe tulifika wa mwisho.

"Nani alitoa amri?" injinia aliuliza.

Baba Kulwa akasema hakushusha mkono. Kisha akanitazama. Alinitazama akingoja niseme, nami nikautazama mlingoti.

"Huyu wa ng'ombe hawezi kuvuta bila kuambiwa," injinia akasema. "Ni wewe."

Dharau ile nikaigeuza shuka, nikajifunika. Baba Kulwa akarudi shimoni, hakuitwa tena mashuani. Na ile kazi ya ufukweni akapewa nani? Mimi! Injinia alisema anataka mtu asiyejifanya anajua. Nikaichukua. Mama Kulwa akaacha kuitikia salamu yangu, nami nikajiambia ana kiburi, kumbe haya zilikuwa zangu.

Mwishowe nilimwendea injinia nikamwambia ni mimi niliyevuta. Akanipigapiga begani. "Unamtetea rafiki yako. Vizuri." Hakuniamini. Kwake sikuwa na akili hata ya kukosea.

Mbio za mwaka uliofuata tulikuwa tena nyuma ya mstari. Mbele alikuwa Mkerewe mmoja mgeni, mkono juu. Hakuna aliyenichokoza, shemeji hata hakuwepo. Nikasimama mahali ambapo kila mtu aliiona mikono yangu, nikamkazia macho injinia, nikaimba wimbo ule ule. Kiitikio kilipofika nikavuta. Mashua ikavuka. Bunduki bado.

"Nani kakuambia uvute?"

"Hakuna, Bwana. Hata mwaka jana hakuna aliyeniambia."

Safari hii aliamini. Nikafukuzwa ufukweni, nikarudishwa shimoni, na hilo silijutii hata kidogo.

Lakini Baba Kulwa hakurudishwa. Injinia alisema amekwisha kupata mtu. Nilimkuta Baba Kulwa shimoni anajaza kigari, kifua kinampiga miluzi. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, wimbo, kamba na uso wa injinia. Nilitarajia acheke kama siku ile ya kwanza. Alingoja nimalize.

"Mdogo wangu, mimi nilikuona ukivuta. Unanieleza jambo ninalolijua."

Akanisogezea koleo, akaendelea na kazi.

Wimbo nitauimba mpaka nife, na shemeji nikikutana naye nitamjibu. Ila wewe unayesoma, mwenzako akikutazama akingoja useme, sema hapo hapo. Mimi niliwahi kuvuta nikachelewa kusema, na kila asubuhi namsikia mtu akikohoa ndani ya shimo ambalo asingekuwemo.