Bolti iliyofunga kwa urahisi

Karakana yetu iko Crystal, mji mdogo huku ughaibuni, nyuma ya duka la matairi. Tunatengeneza bunduki za wawindaji, na msimu wa kulungu ukikaribia kazi hujaa mpaka mgongo unakataa kunyooka. Bosi alikuwa amemweka kwenye majaribio mwenzangu mmoja wa Tanga, ambaye ndiye hunipa lifti asubuhi, maana mimi gari sina. Yeye kazi yake ilikuwa kukata vyuma kwa msumeno. Bosi akamwambia: mtutu huu ukitoka sawa, mashine ya kukerezea ni yako. Usipotoka sawa, unarudi kwenye msumeno.

Bunduki ilikuwa ya mama mmoja wa Eden Prairie, mtutu wake wa zamani umelika ndani. Mwenzangu akakereza mpya, akakata hesi, zile nyuzi kama za skrubu, za kuufungia, akachimba chemba, pale risasi inapokaa. Hesi zake, nisimdhulumu, zilikuwa safi kuliko zangu.

Karakanani kuna desturi: aliyekata hapimi peke yake. Siku hiyo wa kumpimia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechoka, macho yanawasha kwa mafuta ya mashine, nikitamani tu kusema "sawa" twende zetu nyumbani. Mama mwenye bunduki alikuwa anakuja kuichukua jioni ile.

Geji za kupimia chemba ni mbili, vipande vya chuma mfano wa risasi. Juu ya ile fupi bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, inapaswa kufunga. Ile ndefu imezidi kidogo tu, kama unywele, na hapo bolti inapaswa kugoma. Ikifunga, chemba imechimbwa mno, na ganda la risasi linaweza kumpasukia mtu usoni.

"Ndefu imegoma kabisa," akaniambia. "Jaribu mwenyewe, Mmombasa."

Nikajaribu. Kweli bolti ilinisukuma, lakini kwa ulaini, kama mto wa kulalia.

"Springi za bolti umezitoa?"

"Nizitoe za nini? Si itatumika nazo?"

"Springi inasukuma geji. Unadhani chuma kimegoma, kumbe ni springi."

"Haya, hakimu. Toa basi."

Nikazitoa polepole, nikiomba niwe nimekosea. Mimi hukosea mara nyingi. Nikarudisha bolti tupu juu ya ile geji ndefu, nikaishika kwa vidole viwili. Ikashuka yenyewe, ikafunga.

"Rudia," akasema.

Nikaenda kuchukua geji nyingine, huenda ile ilikuwa imelika. Ikafunga tena.

"Labda ni unywele tu, kaka. Watu wanapiga na za hivyo."

"Labda. Ungempa mama yako?"

"Mama yangu hawindi kulungu."

Tulikaribia kucheka. Bosi akaja na kikombe chake, akauliza vipi. Nilimtazama mwenzangu, akatazama sakafu. Nikasema bolti imefunga juu ya ndefu.

Bosi hakufoka. Alisema mtutu utolewe, bega lake lipunguzwe kidogo ili uingie ndani zaidi, chemba ichongwe upya, naye atampigia mama asije. Kisha akamwambia mwenzangu, "Kesho msumeno." Nikamwambia bosi hesi ni nzuri sana, na kwamba habari ya springi hakuna aliyemwonyesha, mimi nikiwemo. Akasema anajua, lakini sharti alilitoa mapema. Ni kweli alilitoa. Siwezi kusema alimwonea, ingawa jioni ile nilitaka kusema hivyo.

Njiani hita ya gari ilichelewa kupata moto. Nilingoja anitukane, na sijui kama ningemjibu. Alipo-park mbele ya nyumba yangu, akanigeukia.

"Zile springi ulizitoaje? Niliona tu mkono wako unazunguka."

"Kuna pini ndogo. Inasukumwa."

"Kesho saa ya chakula unionyeshe."

"Na msumeno?"

"Msumeno unaningoja, hauendi popote. Shuka, nimechoka."

Nikashuka.