Mfalme wa Warusi katika Chumba cha Maombi

Mama Anastasie hajawahi kwenda mbali kuliko Kazimia, na huko alikwenda mara mbili tu, mara zote kwa msiba. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa Baraka wanaodai kwamba habari za Urusi alifundishwa na mtu. Alifundishwa na nani? Redio yake ilikufa kabla ya mume wake. Mimi Georgette nilikuwa mwandishi wa chumba cha maombi, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sitavumilia jambo hili lisimuliwe na watu ambao asubuhi ile walikuwa bado wamelala.

Ni mzaliwa wa Lweba, mjane, mkamuaji wa mawese. Mikono yake ni myekundu hadi kwenye viwiko, na ukimsalimu unaondoka na harufu ya mafuta. Watoto wake wako ng'ambo ya ziwa tangu vita. Watu aliobaki nao ni sisi wa chumba cha maombi: sisi tungemuuguza, sisi tungemzika. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa mwotaji wetu mkuu. Safari moja aliota mtumbwi umejaa maji, akamkataza Suzanne kupanda. Suzanne alibaki pwani akinung'unika, na mtumbwi ukafika salama salimini. Waotaji wengine wangetafuta maelezo. Yeye alinijia na kusema, "Georgette, andika pale: mama Anastasie alikosea." Nikaandika.

Chumba chetu kina sheria zake. Mwenye ndoto huja kabla hajala wala kumsalimu mtu, anaisema, mimi naiandika na tarehe yake. Halafu wazee wanne huipima, na swali lao la kwanza ni moja siku zote: inamhusu nani kati yetu? Maana tulifundishwa kwamba Mungu hamwonyeshi mtu mambo ya nyumba asiyoijua. Kila ndoto lazima ipate mwenyewe humu humu ndani. Sheria hiyo tuliipenda, na hiyo ndiyo iliyotuponza.

Asubuhi ile Mama Anastasie alifika midomo mikavu. Alisema ameona nchi ya baridi, na kitu cheupe kikianguka kutoka juu kama unga wa muhogo. Sauti ikamwambia, hii ni Urusi. Mzungu mwenye ndevu akatoka kanisani na taji kichwani, akielekea kwenye kiti kikubwa kilichowekwa nje. Nusu ya watu walipiga magoti. Nusu ya pili walimpa mgongo. Kabla hajakaa, jogoo wa jirani akawika, na ndoto ikakatika.

"Urusi iko na mufalme?" nilimuuliza.

"Mi nitajua wapi? Andika tu vile nimeona."

Tukamwita mwalimu Patrice, anayefundisha historia. Akatueleza kwamba Warusi walikuwa na wafalme kwa mamia ya miaka, wakamuua wa mwisho pamoja na mke na watoto wake zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwamba hadi leo wako Warusi wanaotamani ufalme urudi na wengine wasiotaka hata kuusikia. Wazee wakatazamana. Ndoto ilikuwa nzito, lakini Mrusi katika chumba chetu hakuwemo. Basi wakaanza kuitafutia mwenyewe karibu.

Hawakuhangaika sana. Norbert, aliyetoa mabati ya kanisa, ni mjukuu wa chefu aliyeondolewa zamani kwenye kiti cha groupement, yaani utawala wa vijiji vyetu vyote. Kiti kiko kwa ukoo mwingine, naye anakidai kwa mwaka wa tatu. Vijana wa upande wake walikuwa wamekwisha kufyeka migomba ya wenzao, na mapanga hayakuwa yamerudi kwenye dari. Walichokuwa wakingoja ni neno moja tu: kwamba Mungu amesema. Mzee mmoja akatamka, "Mufalme mwenye kurudia, ni Norbert." Wengine wakaitikia amina. Mimi pia, Mungu anisamehe, niliitikia.

Norbert mwenyewe alikwenda kwa Mama Anastasie na kitenge kipya, pamoja na pasteri wetu Déogratias. Niliwakuta kwenye pipa la mawese, yeye akikoroga, wao wamesimama ndani ya moshi na viatu vyao vya Jumapili.

"Mama," pasteri alisema, "ile Urusi iko mufano tu. Siku ya Yenga, mu kanisa, utasema bantu balipiga magoti, basi. Bale ba mugongo, uache."

"Nusu ya ndoto?"

"Ile yenye kujenga."

"Pasteri, na sura yake? Mi niliona Muzungu wa ndevu. Huyu Norbert namujua tangu anatambaa. Ningemuona mule, ningemuita jina."

Norbert alicheka kwa upole, akaweka kitenge juu ya kuni. Pasteri hakucheka. Alimwambia kwamba akikataa, atatoka katika chumba, na hakuna atakayekanyaga uwanja wake, hata siku ya kufa. Mama Anastasie alikiokota kile kitenge kwa vidole viwili asikichafue, akamrudishia mwenyewe mikononi.

"Mukinizika, mukiniacha, udongo iko ileile," alisema.

Lakini walipoondoka alikaa chini, mwiko ukabaki peke yake ndani ya pipa. Aliogopa. Mtu asije akaniambia kwamba hakuogopa.

Jumapili, hiyo Yenga yenyewe, kanisa lilijaa hadi madirishani. Vijana walikuwa nje, mapanga yamefungwa ndani ya mifuko ya sukari kana kwamba sisi ni vipofu. Pasteri akamkaribisha. Akasimama na mikono yake myekundu na kusema yote: baridi, unga, taji, waliopiga magoti, waliogeuka. "Na hakukaa. Niliamuka hajakaa bado. Kama atakaa ao hatakaa, sijue. Hiyo iko shauri ya Barusi."

Norbert akainuka. "Mama, useme mbele ya Mungu: ile mufalme iko na sura ya nani?"

"Ya Muzungu. Na pua nyekundu, sababu ya baridi."

Kisha mtu dirishani akapasuka kwa kicheko, na kicheko kikalishika kanisa zima. Dany, fundi wa pikipiki, aliyekuwa na mfuko mkubwa kuliko wote, alicheka hadi akajishika mbavu. Mama mzima amekuja kututangazia mfalme wa Warusi! Vijana waliondoka wakisukumana, wakarudi kwao kula. Mungu hakuwa amesema kitu juu ya groupement, na bila hilo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua panga.

Mama Anastasie alifutwa katika chumba siku hiyo hiyo. Mimi nilikataa kuandika jina lake kati ya waliokengeuka, nikafutwa pamoja naye, na sijutii. Wazee hawakanyagi kwake. Suzanne akimwona njiani anavuka upande wa pili. Warusi mpaka leo hawana mfalme, nao watu wanatumia hilo kumzomea: Mama, mfalme wako amekwama njia gani?

Juzi nilikuwa nakoroga naye. Dany akapita na pikipiki, akapiga kelele, "Mama Urusi! Anafika lini?" na kucheka hadi kwenye kona. Nilitaka kumfuata na mwiko wangu wa moto.

"Muache," Mama Anastasie alisema. "Kila asubui anapita, ananicheka. Ule mwenye kufa hachekake."

Akaniambia niongeze kuni, mafuta yalikuwa bado hayajapanda juu.