Dakika Mbili Kabla ya Kuzima

Injini ile ililetwa kwangu kwenye mkokoteni, imefunikwa gunia la chumvi, na sikuuliza ilikotoka. Kolwezi ya siku zile, mtu aliyeuliza kitu kimetoka wapi alionekana mshamba au mpelelezi, na mimi nilikuwa fundi. Nilikuwa nimetengeneza kwa miaka mingi malori makubwa ya mgodini, yale ambayo tairi lao moja linampita mtu urefu. Nilijua turbo wakati mafundi wenzangu wa mtaani walidhani ni jina la dawa ya minyoo. Nilipofungua gereji nyuma ya nyumba yangu nilijiona mkubwa, na sioni haya kusema hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili, gari la michezo la zamani la Waingereza. Mzungu mmoja alilinunua upande wa Zambia enzi zake, akalitelekeza baada ya vita vya hapa kwetu, na kuku wakawa wanataga ndani yake. Usukani wake ulikuwa kulia, tofauti na magari yetu yote. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa chumvi, Mkasai kama mimi, alilipenda, akataka kwenda nalo Lubumbashi ili aonekane. Injini ya asili ilikuwa imekufa kabisa. Akanitafutia hii ya turbo, ya gari la Kifaransa la juzijuzi tu.

"Citoyen," aliniambia, "utie hii ndani. Nataka bantu baone vumbi tu."

Nilimwambia haiwezekani. Kisha nikaanza siku hiyohiyo.

Kazi ilinila wiki sita. Nilikata vishikio vya injini ya zamani nikachomelea vipya, nikachonga bamba la chuma la kuunganisha injini mpya na gia za zamani. Boneti ilikataa kufunga, nikaikata katikati nikaipandisha nundu. Ndani ya turbo niliona pangaboi lina bawa moja lililomeguka ncha. Zaire nzima usingepata jingine, nikaliacha.

Siku nilipoiwasha, ilipiga mluzi wa sauti mbili, moja juu na moja chini, mfano wa watu wawili wanaoitana kutoka nyumba mbili. Malaika ya mikono yangu yalisimama, nikayakasirikia. Ni bawa lile tu, nikajiambia, na sikukosea.

Turbo ina adabu yake. Inazunguka kwa kasi ya ajabu na inakuwa moto sana, ukiizima ghafla mafuta yanaungulia ndani yake. Ukifika, unakaa dakika mbili injini ikinguruma taratibu, ndipo unazima. Wenye magari wengi hawana subira hiyo.

Nililitoa gari kulijaribu saa kumi ya jioni. Nilipopanda kilima cha kuingia mtaa wa Dilala mshale wa joto ulipanda nao, nikasimama kwenye barabara moja ya nyumba za zamani za kampuni ya mgodi, mbele ya mlango wa buluu. Sikumjua mtu pale. Niliiacha injini ipumue, nikahesabu.

Mtoto wa kike wa miaka kama sita akatoka ndani. Hakukimbia. Alibeba beseni la maji na taulo begani, kama anavyopokewa mwanaume anayetoka kazini. Mimi nilikaa kulia, upande wa nyumba yao, kiwiko changu kiko nje ya dirisha, na taulo lake liligusa kiwiko hicho. Hakuniangalia. Alizunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akalinyanyua beseni mpaka usawa wa kiti.

"Tata," akasema, kama mtoto anavyomwita baba yake, "maji."

Nimewahi kuona mwamba ukimwangukia mtu mgodini. Sikupata kusikia baridi ya namna ile. Niliogopa, tena nilimwogopa mtoto. Niligusa gia nikaondoka polepole, mlango bado wazi, na katika kioo nikamwona amesimama palepale na beseni lake, akiangalia gari kwa uvumilivu.

Usiku ule nilijitukana. Asubuhi nikasafisha rejeta, nikabadilisha maji, na saa kumi nikachukua njia nyingine ya kuzunguka nyuma. Njia ile nayo ilikuja kutokea kileleni, na mshale ukapanda mbele ya mlango uleule. Kilima kinachemsha injini yoyote, hilo analijua kila dereva. Ila safari hii mtoto alikuwa ameshatoka nje kabla sijakata kona. Aliusikia mluzi toka mbali.

Alikwenda tena mlango wa kushoto. Nyuma yake akaja mama yake, amevaa nyeusi, kichwa kimenyolewa. Aliinama kwenye dirisha langu akaongea chini chini, mtoto asisikie.

"Tata," akaniita kwa heshima, "hii moteur ni ya bwana yangu."

Nilimwambia injini ni nyingi duniani.

"Iko moja tu inaimba hivi," akasema. "Jana nilikuwa mu cuisine napika. Nilisikia, nikaweka sahani ya pili ku meza. Kisha njo nikakumbuka: alikufa."

Akanieleza. Lori lilimgonga mumewe kwa nyuma kwenye barabara ya Lubudi, na sehemu ya mbele ya gari haikupata hata mkwaruzo. Ndugu za mume waliondoa gari lile uani kabla watu hawajaacha kulia, na yeye hakujua lilipelekwa wapi.

"Na mutoto?" nikauliza.

"Banamuambia asema tata alienda safari ku Dilolo. Bakubwa ba famille banakataza kumuambia mpaka matanga itaisha."

Ndivyo tulivyokuwa, na sisemi kwamba tumeacha. Mtoto mdogo haambiwi kifo, anaambiwa safari, na anaachwa apambane nayo mpaka akue aelewe mwenyewe. Mimi niliambiwa bibi yangu amerudi Kasai. Nilimwekea karanga kwenye kopo mpaka zikaota ukungu, na watu wazima wakawa wananipita pale wakitabasamu. Nilipokumbuka hilo nikapandwa na hasira.

Mama yule akaendelea. Mumewe alikuwa na adabu ya turbo, kila jioni alikaa dakika mbili garini, na hizo zilikuwa dakika za mtoto kumpelekea maji. "Anajua asema moteur ikizima, tata anatoka," akasema. "Sasa we unaenda bila kuzima. Njo maana anangojea. Hata chakula, bukari yake, hakulaka tena, asema anamuachia tata. Kesho ukuye, tata. Uizime mbele yake, aone."

"Mama, mi ni mécanicien. Mi hapana padri."

"Padri alikuya. Na yeye alisema Dilolo."

Nikakataa, nikaondoa gari. Wakati huo niliwachukia wote: ndugu za marehemu, mtu wa samaki, padri, na zaidi mimi mwenyewe niliyepokea injini chini ya gunia bila kuuliza. Mtu wa samaki alikuwa anakuja kuchukua gari lake Jumamosi. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga gereji na kunyamaza siku moja tu, na gari lingekwenda Lubumbashi na mluzi wake. Nusura nifanye hivyo. Lakini nilijua mtoto angekuwa mlangoni saa kumi, na nilijua angekuwa pale Jumapili pia, na Jumatatu. Ijumaa nikawasha.

Alikuwa ananisubiri. Mama yake alisimama mlangoni, mikono ameizungushia kitenge. Mtoto akapita mbele ya boneti, akafungua mlango wa kushoto, akanyanyua beseni. Injini ilinguruma na mluzi wake ulikuwa chini sana, umebaki kidogo tu. Nilihesabu dakika mbili. Sijawahi kuhesabu dakika ndefu kama zile.

"Tata, zima," mtoto akakiambia kiti.

Nikazima.

Injini ikafa, lakini turbo huwa haisimami papo hapo. Mluzi ulibaki peke yake ndani ya chuma, sauti mbili, kisha moja, kisha hakuna. Halafu kiti cha kushoto kikalia, springi na ngozi, jinsi kinavyolia mtu akiinuka. Gari zima lilikuwa limeacha kutetemeka na vitu vyote vya zamani hulia vikitulia, hayo nawaambia kama fundi. Mtoto alirudi nyuma hatua moja kumpisha anayetoka. Aliinua macho mpaka mahali panapofika uso wa mwanaume mrefu, akayaacha hapo.

Nami niliangalia pale. Nakiri kwamba niliangalia.

Macho yake yakashuka pole pole, yakapita kwenye kiti kitupu, yakafika kwangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniona.

"Tata eko wapi?"

Nilimtazama mama yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, akatikisa kichwa kunikubalia.

"Alikufa, mama," nikamwambia mtoto. "Hakuendaka safari. Hii ni moteur yake tu."

Alifikiri. Hakulia. Aliliweka beseni chini barabarani kwa uangalifu, maji yasimwagike.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Na batata bakubwa?"

"Banajua."

"Na padri?"

"Na padri."

"Na we?"

"Na mi."

Akaushika mlango wa kushoto kwa mikono miwili, akaufunga.

"Basi," akasema, "mi peke yangu njo nilikuwa namungojea."