Siku Kinyota Kilipofungua Chumba cha Kina Mama

Aibu hii nawaeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine, maana hapa sokoni Nachingwea kila mtu anaisimulia kivyake, na katika baadhi ya masimulizi hayo mimi nilikuwa uchi, jambo ambalo ni uongo mtupu, nilikuwa na fulana ya ndani na bukta.

Shule niliishia darasa la tatu na sijawahi kulia kwa hilo. Picha nilianza kupiga kwa kamera ya filamu, nazunguka na baiskeli mpaka Kilimarondo, ambako unampiga picha bibi harusi, jicho moja kwake na jingine shambani kama tembo wameingia, na leo nina duka la kurekodi harusi hapa mjini na tawi kule Ruangwa analolisimamia binti yangu Somoe. Kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linux, kwa sababu aliyeniuzia alisema haina ada na virusi vya flashi haviisumbui, na amri zake nimejifunza kwa kuchungulia begani kwa Somoe. Zile nilizozishika nazijua kuliko vijana wengi wenye vyeti (mtanisamehe, lakini ndivyo).

Sasa muelewe kazi yetu. Harusi ya kwetu ina sehemu ya watu wote na ina sehemu ya ndani, mwali anapochezwa, wanawake wako peke yao, khanga zimeshuka mabegani, na nyimbo zinasema yale ambayo barazani hayasemwi. Huko anaingia Somoe peke yake na kamera; mimi mwenye kamera naishia uani na wanaume wenzangu, tunakula pilau na kujifanya hatusikii ngoma. Video hizo Somoe anaziweka kwenye folda yake, jina lake NDANI, ameifunga asiione mwingine. Kwa sababu ya kufuli hiyo kina mama kuanzia Chunyu mpaka Malolo wanatuita sisi na si watu wengine, na siku itakapotoka sura ya mwali mmoja tu nje, binti yangu hana kazi tena wilaya zote mbili.

Basi ilikuwa Ijumaa, nimeshavaa kanzu ya msikitini, barabara imejaa watu, nikapata wazo (mawazo yangu mazuri huja nikiwa nimevaa vizuri). Mbele ya duka tuna runinga kubwa inayotazama barabara, inaendeshwa kwa jina lake yenyewe la kuingilia kwenye kompyuta, na huonyesha kile ilichoruhusiwa kuona tu, yaani matangazo yetu. Nikasema kwa nini isionyeshe harusi zenyewe, watu waone kazi? Video za ile sehemu ya watu wote ziko kwenye folda ya HARUSI, nikaingia humo niifungulie runinga isome. Amri yenyewe ni chmod, mimi naiita chamodi. Mashine ikanijibu kwamba sina ruhusa. Mimi! Mashine nimeinunua kwa ufuta wangu mwenyewe, halafu inaniambia sina ruhusa. Nikaweka mbele lile neno sudo, la kujifanya mkuu wa wakuu, na kwa kuwa majina ya folda yalikuwa mengi na vidole vyangu vimezoea jembe, nikaweka kinyota kimoja badala ya majina yote. Nikaandika neno la siri, ikakubali bila ubishi. Nikaiambia runinga icheze kila inachokiona, nikatoka nje nisimame na watu wangu.

Ikaja harusi moja ya Ruangwa, watu wakasifu. Ikaja nyingine. Halafu nikasikia ngoma ambayo naifahamu kwa masikio tu, kutokea uani, nikainua macho, nikaona zulia, wanawake wameketi duara, na katikati yao mke wangu, Mama Somoe, khanga kiunoni, anaimba:

*Bwana wangu fundi mashine, dunia nzima aifungua,*
*kifungo cha shati lake, mpaka mke amfungie.*

Pembeni yangu alikuwa Luhende, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, mtu mstaarabu sana. Akanisogelea akaniuliza taratibu, "Mzee, huyu siyo mama wa hapa nyumbani?"

Wimbo kunitania mimi si kitu, nimezoea. Kilichoniogopesha ni kwamba nilijua harusi hiyo ni ya nani. Ni ya binti wa Bi Zuhura wa Malolo, na utaratibu wa mambo yale nao naujua kwa masikio: wakimaliza kuimba kina mama wakubwa, anatolewa mwali, kichwa wazi na mabega wazi. Wimbo ule ukiisha, ndiye anayefuata.

Nikakimbilia kwenye kompyuta nikaandika amri ileile, safari hii ya kufunga. Kinyota tena. Ikakubali, nikatazama nje, mke wangu anaimba. Nikaiandika tena nikibonyeza kwa nguvu zaidi, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Mke wangu anaimba. (Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba video ikishafunguliwa, ukiifunga ruhusa nyuma yake haisimami, ni kama kumfungia mlango mgeni ambaye tayari amekaa mezani anakula.) Rimoti siioni. Duara la watu nje linaongezeka, na ubeti wa tatu umeanza, unahusu jinsi ninavyokoroma. Basi nikavua kanzu, nikapanda kwenye benchi, nikaifunika runinga na kuikumbatia ili isidondoke. Picha ikapotea lakini sauti ikabaki, kwa hiyo kilichoonekana barabarani ni mzee mwenye mvi, fulana na bukta, amekumbatia kanzu inayoimba kwa sauti ya mkewe.

Ndivyo alivyonikuta Bi Zuhura, aliyekuja mjini kufuata video yake. Hakuuliza kitu. Alisikiliza kidogo, akaitambua sherehe yake, akanipita, akaingia dukani, akazima swichi ya ukutani. Kimya.

"Mzee," akasema, "mashine yako ina swichi."

Nikashuka, nikavaa kanzu, na rimoti ikagonga goti langu. Ilikuwa mfukoni muda wote.

Bi Zuhura akakaa kwenye benchi langu na kusema haondoki mpaka aje Somoe. Nikampigia binti yangu Ruangwa.

"Baba, uliandika nini?"

"Chamodi."

"Na mwishoni?"

"Kinyota."

Akakata simu. Kisha akapanda bodaboda.

Alipofika alianza na kufuli kabla ya salamu, kisha akatueleza sote wawili. Ndani ya HARUSI aliweka kiungo cha kumpeleka NDANI, ili kazi zote azione mahali pamoja. "Kiungo hakina mlango wake, baba. Ni kama kile kibao cha Kilimarondo, kimesimama hapa mjini, ukikifuata unafika Kilimarondo. Ungetaja folda ya HARUSI kwa jina lake, amri ingeingia humo, ingekutana na kibao na kukipita. Lakini wewe uliingia ndani ukaweka kinyota, na kinyota maana yake umetaja kila kilichomo, na kibao pia. Ukikitaja kibao, inakifuata mpaka kwenye nyumba kinayoielekeza na kufungua huko. Na ulijifanya mkuu, nani angekuzuia?"

Bi Zuhura alikuwa na swali moja tu: mwali alionekana? Mimi nikaanza maelezo marefu. Luhende, aliyebaki nje muda wote, akasimama mlangoni, akanikata kwa heshima. "Hapana, mama. Tumemwona mama wa hapa peke yake. Na mzee."

Bi Zuhura akacheka mpaka akajishika ubavu, na hapo ndipo nilipopumua. Hukumu yake ikawa hii: Somoe ataendelea kurekodi kwao, ila neno la siri la mkuu nisilijue mimi. Somoe akalibadilisha palepale mbele yake, na mwenye duka nikageuzwa uso ukutani wakati wa kuliandika.

Nyumbani nilimweleza Mama Somoe yote, nikitegemea radhi au ugomvi. Akaniuliza kama sauti ilisikika mpaka kwa wauza mihogo. Nikasema ilisikika. Akaendelea kuchambua mboga, na niliona amefurahi.

Kwa hiyo siku hizi nikitaka kubadilisha ruhusa nampigia binti yangu, naye ananiuliza nimetazama orodha, penye mshale, yaani kiungo, ni wapi, na kama nimechagua mafaili halisi peke yake. Kinyota nimekiapia, sikiandiki tena bila kujua kila kilichomo, na ukuu nimeuacha kwa wenye nao. Nasikia wimbo umeongezewa ubeti wa kanzu na unaimbwa mpaka Chunyu. Mimi naishia uani kama wanaume wengine, nakula pilau yangu taratibu, na safari hii nikijifanya sisikii, naomba kweli nisisikie.